Alama za Reli Nairobi: Watu wa Pwani Tumeandikwa Wapi?

Jamaa wakija kututembelea kutoka Mombasa hawakosi kuniuliza: nyinyi Nairobi mna kitu gani cha kale? Kwao kuna Fort Jesus, kuna Gede, kuna misikiti ya karne na karne. Nairobi ni mtoto wa juzi. Lakini ni mtoto wa reli, na reli ilianzia kwetu, kwa hivyo mambo yake ya kale yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Huku Mountain View tuko kando ya Waiyaki Way. Barabara hii ina jina la Waiyaki wa Hinga, aliyekamatwa na watu wa kampuni ya Waingereza mwaka 1892 pale Fort Smith, Kabete, mwendo mfupi kutoka hapa. Aliswagwa kwa miguu kuelekea Pwani, akafia Kibwezi. Njia aliyopitishwa ndiyo njia ya misafara, na ngome ile iliishi kwa mizigo iliyopandishwa bara vichwani mwa wapagazi, wengi wao Waswahili wa Mombasa na Unguja. Mkuu wa ngome utamkuta vitabuni. Mpagazi haandikwi jina, labda idadi tu.

Kisha likaja garimoshi. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, na tarehe 30 Mei 1899 reli ikafika kwenye kinamasi ambacho Wamaasai walikiita Enkare Nairobi, maji baridi. Makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa mwaka uo huo, na 1905 serikali nayo ikafuata. Ukitoka huku kwetu ukashika Uhuru Highway kuingia mjini, jua kwamba njia ya treni ya zamani ilipita papo hapo kabla ya kuhamishwa. Msongamano tunaokaa ndani yake kila asubuhi uko juu ya mataruma ya mababu.

Mgeni wangu nikimpeleka mahali pamoja tu, basi ni Jumba la Makumbusho la Reli, karibu na stesheni kuu, lililofunguliwa 1971. Kila mtu hukimbilia behewa la Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, aliyeburutwa na simba kupitia dirishani huko Kima mwaka 1900. Kisa kinasisimua, sikatai. Mimi huvutwa zaidi na kichwa cha treni namba 5918, Mount Gelai, mojawapo ya vile vikubwa 34 vya Garratt vilivyotengenezwa Manchester katika miaka ya 1950, kila kimoja kikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hivi ndivyo vilivyovuta mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, na wazee wa Changamwe wanaweza kukuigia mlio wake. Ajabu ni kuwa simba mmoja amempa Ryall umaarufu, na vibarua kama 2,500 kutoka Bara Hindi waliokufa wakijenga reli ile hutajwa kwa mkupuo.

Kenyatta Avenue kuna sanamu za shaba za askari na mpagazi, zilizowekwa 1928 kwa kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mombasa na Dar es Salaam zina ndugu zake. Wengi hupita wakitazama simu. Sogea usome: maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Wapagazi hao ndio walioacha jina la Kariakor huku, kama Kariakoo ya Dar.

Lakini alama yetu kubwa haina shaba wala jiwe. Nairobi ya mwanzo ilikuwa na vijiji vya Waswahili na Waafrika wengine: Pangani, Maskini, na kimoja kilichoitwa Mombasa hasa. Mombasa kilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, watu wakasukumwa Pumwani. Pangani ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1930, na Shauri Moyo ikajengwa kuwapokea. Jina Pangani limebaki. Sijaona hata kibao kinachosema ni nani waliokaa pale.

Na si kwamba haiwezekani. Huko Promontory, Utah, reli mbili za Marekani zilipokutana tarehe 10 Mei 1869, Wachina waliopasua milima kwa maelfu walikosekana katika picha maarufu ya siku ile. Vizazi vyao havikunyamaza, na 2014 Wizara ya Kazi ya Marekani ikawaingiza katika ukumbi wake wa heshima. Sisi tuna Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, tuna serikali ya kaunti, tuna vyama vya watu wa Pwani hapa mjini vinavyokutana kila mwezi kwa harusi na matanga. Ombi la kibao kimoja Pangani ni barua ya ukurasa mmoja.

Ila barua hiyo itahitaji majina. Waliozaliwa katika Pangani ile sasa wana miaka zaidi ya themanini na tano. Mwenye bibi au babu wa aina hiyo nyumbani amuulize wiki hii: nyumba yao ilisimama wapi, jirani alikuwa nani, na msikiti ulikuwa upande gani.