Tobong'u Lore: Tamasha la Ndugu Waliotenganishwa na Mpaka

Mwanafunzi wetu mmoja kutoka Moroto aliandika katika insha yake kwamba wakati wa likizo alivuka mpaka kwenda Lodwar "kuwaona majirani", kisha akalifuta neno hilo na kuandika "ndugu". Tulipomwuliza sababu, alijibu kuwa alikwenda kwenye Tobong'u Lore, na huko hakuna jirani. Kwa kuwa wasomaji wetu wengi hapa Uganda hawalifahamu tamasha hilo, tumeona vyema tulieleze.

Tobong'u Lore ni tamasha la utamaduni na utalii linaloandaliwa na Serikali ya Kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Hufanyika Lodwar, mji ulio kando ya mto Turkwel. Lilianzishwa katika miaka ya mwanzo ya serikali za kaunti, zilizoundwa baada ya uchaguzi wa 2013, na limekusudiwa kuwa la kila mwaka, ingawa si kila mwaka limefanyika. Jina lake ni la Kiturkana, na maana yake ni "rudi nyumbani".

Nyumbani kwa nani? Waandaaji wana majibu mawili. La kwanza ni la wanadamu wote: mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aligundua mabaki ya kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Jibu hilo huwavutia watalii. La pili ndilo linalotuhusu sisi, nalo ni la Waateker.

Ateker ni neno lenye maana ya ukoo, na hutumiwa kuyataja makabila yenye asili moja: Waturkana na Wateso wa Kenya, Wakaramojong, Wajie, Wadodoth na Wateso wa Uganda, Watoposa na Wajiye wa Sudan Kusini, pamoja na Wanyangatom wa Ethiopia. Lugha zao zinakaribiana sana. Maji kwa Kiteso ni akipi; kwa Kikaramojong na Kiturkana ni ngakipi. Ng'ombe mmoja ni aite kotekote.

Wajie wa Kotido na Waturkana husimulia habari za bibi mmoja, Nayeche, aliyeondoka Ujie akashuka mashariki akichuma matunda ya porini. Vijana waliokuwa wakimtafuta fahali aliyepotea walimkuta yeye na fahali huyo katika nchi yenye malisho, wakarudi kuwaita wenzao. Kilima cha Moru Anayeche, huko Turkana, kina jina lake hadi leo. Vilevile husemwa kuwa jina la Wakaramojong latokana na wazee waliochoka safarini wakabaki nyuma. Wanaisimu huzitilia shaka hadithi za namna hiyo, nasi pia, lakini anayezisimulia huwa anataja jamaa zake.

Mpaka ulikuja baadaye sana. Wengi hawajui kwamba nchi ya Waturkana ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1926, wakoloni walipoihamishia Kenya.

Katika siku za tamasha kila kundi hucheza ngoma zake. Waturkana hucheza edonga, ile ngoma ya kuruka, wakiwa na shanga na mavazi ya ngozi. Pembeni huuzwa vikapu vilivyosukwa kwa majani ya mkoma, samaki wakavu wa ziwani, na ekicholong, kigoda kidogo ambacho mchungaji hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Biashara hiyo ni ndogo, lakini fedha zake humfikia mama aliyesuka kikapu moja kwa moja. Hatuwezi kusema hivyo kwa hakika juu ya mafuta yaliyogunduliwa Turkana mwaka 2012.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, jambo kubwa haliko kwenye ngoma. Liko kwenye vikao vya wazee na viongozi vinavyofanyika pembeni. Undugu haujawahi kuzuia wizi wa mifugo. Kiangazi kikizidi, Waturkana huvuka na ng'ombe wao kufuata maji na malisho Karamoja, na bunduki huvuka pamoja nao. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko walizika silaha Lokiriama, wakaapa kutoshambuliana tena. Tarehe 12 Septemba 2019 Marais Museveni na Kenyatta walishuhudia Moroto kutiwa saini kwa hati ya maelewano kuhusu amani na maendeleo ya pande zote mbili. Lakini Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kuwataka wachungaji wa Kiturkana wasiingie Uganda na silaha, la sivyo wafukuzwe. Mwaka mmoja kabla ya hapo wanajiolojia wa Uganda na askari waliokuwa wakiwalinda walikuwa wameuawa wilayani Moroto. Ndugu wanaoalikwa kuja kucheza pamoja ndio hao hao wanaogombania kisima.

Kiswahili nacho kina nafasi yake. Mkaramojong na Mturkana hawakihitaji ili waelewane, ila wanakihitaji wanapozungumza na mnunuzi wa ng'ombe kutoka Kitale au ofisa aliyetoka Nairobi. Kwa Waganda wengi Kiswahili kilikuwa lugha ya askari mwenye bunduki. Mwanafunzi wetu alitueleza kuwa Lodwar alikitumia kupatana bei ya mbuzi, na alipunguziwa.

Wanaopenda kwenda wafahamu kuwa tarehe za tamasha hubadilika, hivyo ni vizuri kuuliza mapema. Raia wa Uganda anaweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa. Njia iliyozoeleka ni ya kupitia Malaba na Kitale, kisha kushuka kaskazini hadi Lodwar. Chukueni maji ya kutosha.