Kupambanua Vinavyofanana: Mabehewa ya Treni za Tokyo na Somo la Ngeli

Kila mwaka, katika somo la sarufi, tunakutana na tatizo lile lile. Mwanafunzi anapewa nomino mtu na mti, anaona kiambishi m- katika zote mbili, naye anaziweka katika ngeli moja. Anapewa kiboko na kitabu, anaona ki-, na mara nyingine tena anaziweka pamoja. Mwanafunzi huyu si mvivu. Tatizo lake ni kwamba ametazama sura ya neno, hakutazama kazi yake katika sentensi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza suala hili kwa mfano ulio mbali na lugha: namna ya kupambanua aina za mabehewa ya treni za umeme zinazowapeleka watu kazini jijini Tokyo, nchini Japani. Kwa mgeni treni hizo hufanana mno, lakini mjuzi huzitofautisha kwa kuzitupia jicho tu. Tumechagua mfano wa mbali kwa makusudi, kwa sababu mwanafunzi hawezi kuutatua kwa kutegemea mazoea ya lugha yake ya kwanza. Itambidi atazame.

Rangi si kitambulisho

Jambo la kwanza analoliona mgeni ni rangi, na rangi ndiyo inayompoteza kwanza. Mwaka 1957 Shirika la Reli la Taifa la Japani lilianza kutumia katika njia ya Chuo treni mpya zilizopakwa rangi ya machungwa, ambazo baadaye ziliitwa aina ya 101. Mwaka 1961 aina hiyo hiyo iliingia katika njia ya Yamanote, inayolizunguka jiji, lakini mara hii ikiwa na rangi ya njano. Mwaka 1963 ikaja aina ya 103 yenye rangi ya kijani cha majani machanga. Treni za njano zikahamishiwa njia ya Sobu, na njano ikawa rangi ya njia hiyo hadi leo.

Kutokana na historia hii tunaona kwamba rangi ni ya njia, si ya behewa. Ni kama sare ya shule: hukuambia mtoto anasoma wapi, haikuambii ni mtoto wa nani. Wakati mmoja aina moja ilivaa rangi mbili, na baadaye rangi moja ilivaliwa na aina nyingi.

Tofauti huwa na sababu

Aina za 101 na 103 hufanana kama mapacha. Zote mbili zina mabehewa ya urefu wa mita 20, zina milango minne kila upande, na zina uso bapa wenye madirisha matatu. Mtazamaji makini hugundua kwamba katika 103 ukingo wa chini wa madirisha ya mbele umeinuliwa, hivyo madirisha huonekana mafupi zaidi.

Hata hivyo, tofauti kubwa haionekani usoni. Aina ya 101 ilibuniwa ili kila behewa liwe na mota zake. Ilipoanza kutumika ilibainika kwamba vituo vya kugawa umeme havikuweza kumudu mahitaji hayo, ikabidi mabehewa yasiyo na mota yachanganywe humo. Aina ya 103 ilibuniwa tangu mwanzo kwa mchanganyiko huo, na kwa njia zenye vituo vilivyokaribiana. Kwa sababu hiyo ilienea sana: yalitengenezwa mabehewa 3,447 ya aina hiyo. Kwa hiyo anayeuliza "hii inatofautianaje na ile?" hana budi kuuliza pia "kwa nini zilihitajika mbili?" Swali la pili ndilo linalomsaidia kukumbuka jibu la kwanza.

Kusoma ubavu wa behewa

Wajapani hawakuacha jambo hili litegemee macho peke yake. Kila behewa limeandikwa jina ubavuni, na jina hilo lina mofolojia inayoweza kumfurahisha mwalimu yeyote wa lugha ya Kibantu. Tuchukue Moha 205. Silabi ya kwanza hueleza kazi ya behewa:

Mo: lina mota, halina chumba cha dereva.
Ku: lina chumba cha dereva, halina mota.
Kumo: lina vyote viwili.
Sa: halina chochote kati ya hivyo.

Silabi ya pili, ha, ina historia yake. Wajapani walikuwa na mpangilio wa zamani wa silabi ulioanza na i, ro, ha, kama sisi tunavyoanza na a, be, che. Daraja la kwanza la abiria likaitwa i, la pili ro, la tatu ha. Mwaka 1960 madaraja yalipunguzwa kuwa mawili, na mwaka 1969 mfumo wa madaraja ukaondolewa, lakini silabi zilibaki. Leo ha ni behewa la kawaida tu, na ro ni lile linalolipiwa nyongeza. Tunaiona hali kama hiyo katika viambishi vyetu vya ngeli: maana ya asili imefifia katika maneno mengi, lakini kiambishi kinaendelea na kazi yake ya kisarufi.

Tarakimu nazo husema. Katika mfumo wa shirika lile la taifa, tarakimu ya kwanza 1, 2 au 3 huonyesha umeme wa mkondo mmoja. Tarakimu ya kati 0 huonyesha treni ya mjini, na 1 huonyesha treni ya vitongojini. Kwa hiyo 205 na 211, ambazo zote zina miili ya chuma kisichoshika kutu yenye mstari wa rangi, hupambanuliwa na tarakimu ya kati. Ukizitazama utahakikisha kwa kuhesabu: 205 ina milango minne kila upande, 211 ina mitatu. Treni ya mjini hupakia na kupakua watu wengi kwa muda mfupi, hivyo inahitaji milango zaidi.

Hapa pana mtego. Moha 205 hufungwa pamoja na Moha 204, nazo hufanya kazi kama jozi. Namba 204 si aina nyingine, bali ni mwenzi ndani ya aina ya 205. Herufi E inayotangulia namba mpya, kama vile E231 na E235, huonyesha kampuni ya reli ya mashariki mwa Japani. Kuanzia E231, iliyoanza kazi mwaka 2000, tarakimu ya kati ikawa 3, kwa kuwa aina hiyo ilikusudiwa kutumika mjini na vitongojini pia. Mfumo wa majina hubadilika pale kazi inapobadilika.

Sura hudanganya

Aina ya 205 ilianza kazi katika njia ya Yamanote mwaka 1985 ikiwa na uso wenye pembe na paneli nyeusi kuzunguka madirisha. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya njia ya Keiyo zilipewa uso mwingine kabisa, laini na mweupe zaidi. Mgeni angeapa kwamba ni aina mbili. Sivyo: ni aina moja yenye nyuso mbili.

Kuanzia mwaka 2013 mabehewa mengi ya 205 yaliuzwa Indonesia, yakatumika katika treni za mjini Jakarta na kupakwa rangi nyingine. Huko rangi ya zamani haikusaidia kujua behewa lilitoka njia gani. Lakini baadhi ya yale yaliyotoka njia ya Musashino yalikuwa yamebadilishiwa mota na mitambo ya kuziongoza, na mlio wake wakati wa kuondoka kituoni ni tofauti na wa mengine. Aliyefumba macho aliweza kuyatambua kuliko aliyetazama rangi.

Mfano wa mwisho ni wa E235, iliyoingia Yamanote mwaka 2015. Kijani chake kimewekwa kwenye milango badala ya mstari mrefu ubavuni, kwa sababu vizuizi vyenye milango vilivyojengwa kwenye majukwaa huuficha mstari. Treni hiyo ina mabehewa 11. Katika nyingi ya treni hizo behewa la 10 si mzaliwa wa familia hiyo. Lilitengenezwa kama E231, kuchukua nafasi ya behewa la milango sita lililoondolewa kabla ya mwaka 2011 kumalizika, kwa kuwa milango sita haikuweza kulingana na vizuizi vya majukwaani. Baadaye likarekebishwa na kupewa namba ya E235. Mwili ni wa zamani, upatanisho ni mpya. Sisi tungeliita neno la mkopo.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tupange sifa kwa uzito wake. Swali la kwanza liwe la kazi: je, lina mota? Lina milango mingapi, na kwa nini? Jina la ubavuni lithibitishe. Sura ije baadaye, na rangi iwe ya mwisho. Katika ngeli vilevile tuanze na upatanisho: mtu ameanguka, mti umeanguka, kiboko amezama, kitabu kimezama. Hapa Uganda mwanafunzi anayezungumza Kiganda analijua jambo hili tayari bila kuambiwa, kwani husema omuntu agudde lakini omuti gugudde. Kazi yetu ni kumwonyesha kwamba anajua.

Pili, tusidharau majina yanayobuniwa na watu kwa kufuata sura. Treni za umeme zilizoanza safari nchini Tanzania mwaka 2024, zilizoundwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini, wananchi wameziita mchongoko kwa sababu ya pua yake iliyochongoka. Ni neno zuri, fupi na la Kiswahili safi. Hata hivyo mwalimu aende hatua moja mbele aeleze kwamba mchongoko hauvutwi na kichwa tofauti cha treni, bali mota zimo ndani ya mabehewa yenyewe. Sura imetupa jina, lakini kazi ndiyo inayotupa maana. Tusipolieleza hilo kwa Kiswahili, vijana wetu watajifunza majina kwa Kiswahili na maana kwa lugha nyingine.

Tunawapendekezea walimu zoezi moja. Wapeni wanafunzi picha za taksi nne za Toyota HiAce za miaka tofauti. Wakatazeni kutaja rangi na maandishi. Kila kundi liandike kwa Kiswahili sifa tatu zinazozipambanua, na kwa kila sifa lieleze sababu yake. Kisha somo linalofuata wapeni nomino ishirini zenye m- na ki-, mkawaulize maswali yale yale.