Anashinda Wapi, Analala Wapi? Ekolojia ya Mifugo ya Mpakani

Mtaalamu wa ekolojia huanza kazi kwa kujua mnyama wake anashinda wapi na analala wapi. Kwenye barafu ya Aktiki, dubu jike hufungwa shingoni ukanda wenye mtambo unaowasiliana na setilaiti. Dume hafungwi, kwa kuwa shingo yake ni nene kuliko kichwa na ukanda huchomoka. Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, swali hilohilo limeulizwa kwa zaidi ya nusu karne kuhusu ng'ombe na nguruwe, maana mnyama anapohama au kuzurura huenda na vimelea vyake.

Ugonjwa wa kwanza kufuatiliwa hivyo ulikuwa malale. Huletwa na kimelea aitwaye tripanosoma, anayeambukizwa kwa kuumwa na mbung'o, na aina ya rhodesiense iliyoko eneo hili huweza kuua katika miezi michache mgonjwa asipotibiwa. Tororo ilikuwa makao ya EATRO, taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa malale. Awali macho yalielekezwa porini: mwaka 1958 R. B. Heisch na wenzake walitangaza kuwa wamempata kimelea huyo katika damu ya pongo, huko Nyanza. Katika miaka ya 1960 malale yalizuka Alego, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Siaya, jirani ya Busia. Mwaka 1966 R. J. Onyango na wenzake wa EATRO walichapisha ushahidi kwamba tripanosoma waliotoka kwa ng'ombe wa huko waliweza kumwambukiza binadamu. Kwa hiyo kimelea hakuwa na maficho porini tu. Alikuwa pia zizini, ndani ya mnyama ambaye mara nyingi haonyeshi dalili zozote.

Ng'ombe hutembea mbali zaidi ya pongo, kwa sababu huuzwa. Mwaka 1998 malale yalizuka Soroti, kaskazini mwa Tororo, mahali ambapo hayakuwa yamezoeleka. Mtafiti Eric Fèvre na wenzake walifuatilia minada, na mwaka 2001 wakaonyesha kuwa zaidi ya nusu ya ng'ombe waliouzwa katika mnada mmoja wa huko walitoka maeneo yenye malale. Walioishi karibu na mnada walikuwa hatarini zaidi. Sheria ya Uganda ilitaka ng'ombe atibiwe kabla ya kusafirishwa kutoka maeneo hayo, na mlipuko huo ulionyesha gharama ya kutoifuata.

Baadaye Fèvre alihamishia kazi upande wa Kenya, mjini Busia. Kati ya mwaka 2010 na 2012 kikosi chake kilipima watu 2,113 katika maboma 416 pamoja na mifugo yao, ndani ya eneo la kilomita 45 kuuzunguka mji. Miongoni mwa magonjwa yaliyochunguzwa ni yale ya tegu wa nguruwe, mnyoo mwenye mzunguko wa maisha unaohitaji binadamu na nguruwe kwa pamoja. Tegu mkubwa huishi katika utumbo wa mtu, na mayai yake hutoka na kinyesi. Nguruwe akila kinyesi hicho, mayai huanguliwa na viluwiluwi hujenga vifuko vyeupe vya majimaji katika misuli, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa punje ya mahindi. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva vizuri, hupata tegu. Akimeza mayai yenyewe kupitia mikono au chakula kichafu, vifuko huota mwilini mwake, na vikiota ubongoni huweza kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa palipo na tegu wengi, takriban asilimia 30 ya kifafa hutokana na mnyoo huyu.

Wafugaji wengi wa Busia hufuga nguruwe mmoja au wawili, wakiwafunga kamba mazao yakiwa shambani na kuwaachia baada ya mavuno. Ili kujua wanaoachiwa huenda wapi, daktari wa mifugo Lian Thomas na wenzake waliwavisha nguruwe 10, kila mmoja kutoka boma lake, ukanda wenye kifaa cha GPS kilichorekodi mahali walipo kila baada ya dakika 3. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Kwa wastani nguruwe alitembea mita 4,340 katika saa 12, lakini mwendo huo wote ulizungukazunguka katika eneo dogo: kama hekta moja. Eneo la dubu wa Aktiki laweza kufika makumi ya maelfu ya kilomita za mraba. Boma la mwenyewe ndilo lililokuwa kitovu cha matembezi, hata hivyo asilimia 47 ya muda nguruwe alikuwa nje ya boma hilo.

Asilimia hiyo ndiyo inayoamua namna ya kupambana na tegu. Familia inaweza kuchimba choo na kukitumia, lakini nguruwe wake hushinda karibu nusu ya muda nje ya boma, na asipopata uchafu nyumbani ataupata huko. Ndiyo maana choo kimoja hakitoshi. Hatua zinazofaa ni za kijiji kizima: kila boma kuwa na choo, nguruwe kufungiwa bandani na kulishwa humo, nyama kukaguliwa machinjioni na kupikwa hadi iive. Zipo pia dawa ya oksifendazoli, inayoua vifuko katika misuli ya nguruwe, na chanjo ya TSOL18 inayomkinga asiambukizwe. Watu wenye tegu nao hutibiwa, kwa sababu mayai yote hutoka kwao.