Bunia: Namna ya kutunza ngozi kavu kila siku, bila krimu za kujichubua

Kuanzia Desemba hadi Februari, mvua inapopungua katika mji wa Bunia, vumbi la barabara za udongo linaingia kila mahali: ndani ya nyumba, kwenye nguo zilizoanikwa, na juu ya ngozi. Kutoka Mudzipela hadi Nyakasanza, wakaaji wengi wanaona miguu yao inapauka, midomo inapasuka na visigino vinafunguka mpaka kutoa damu. Wanamotari wanaoshinda barabarani na akina mama wanaouza bidhaa juani wanaumia zaidi.

Wengi wanakwenda sokoni kutafuta krimu ya kurudisha mwangaza wa ngozi, na hapo ndipo hatari inapoanza. Mtu anatafuta dawa ya ukavu, anauziwa krimu ya kujichubua. Lakini ngozi iliyopauka haihitaji kuwa nyeupe. Inahitaji kubakiza maji yake, na kazi hiyo inaweza kufanywa nyumbani kwa vitu vichache vya bei ndogo.

Kwa nini ngozi inakauka

Sehemu ya juu kabisa ya ngozi inafanana na ukuta wa matofali. Matofali ni chembe zilizokufa, na udongo unaoyashikanisha ni mafuta ambayo mwili wenyewe unatengeneza. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwili hayatoki ovyo. Mafuta hayo yakioshwa yote, nyufa zinajitokeza, maji yanapotea hewani, na chembe za juu zinainuka kama magamba madogo. Magamba hayo ndiyo yanayoonekana kama unga mweupe juu ya ngozi nyeusi.

Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku na alfajiri kuna baridi, mchana jua ni kali, na katika kiangazi hewa inakuwa kavu. Tena kuna tabia zetu: kuoga kwa maji ya moto sana, kujisugua kwa nguvu, na kutumia sabuni ya kufulia nguo kwa mwili mzima. Sabuni nyingi za kipande zina ukali wa alikali, wakati ngozi yenye afya ina asidi kidogo. Waliotumia maji ya klorini kunawa mikono mara nyingi kwa siku, wakati wa Ebola kati ya 2018 na 2020, wanakumbuka namna mikono ilivyokauka. Kunawa kulikuwa kwa lazima na kuliokoa maisha. Mikono ilikosa mafuta ya kupakaa baadaye.

Wazee wanakauka zaidi kwa sababu ngozi yao inatengeneza mafuta kidogo. Kuhusu kunywa maji mengi, ni vizuri kwa mwili, lakini kwa mtu ambaye tayari anakunywa ya kutosha, kuongeza vikombe hakutaondoa magamba miguuni.

Asubuhi: kuoga kidogo, kupakaa haraka

Utaratibu wenyewe una hatua tatu.

Kwanza, oga kwa dakika 5 hadi 10, si zaidi, kwa maji ya vuguvugu. Kwa familia inayonunua maji kwa bidon, hii pia inapunguza matumizi. Kuoga mara moja kwa siku kunatosha watu wengi. Jioni unaweza kuosha uso, mikono, miguu na sehemu za jasho tu.

Pili, weka sabuni pale inapohitajika: kwapani, sehemu za siri kwa nje, miguuni, na popote penye uchafu unaoonekana. Mikono, mgongo na mapaja mara nyingi yanatosheka na maji. Chagua sabuni ya kuogea isiyo na manukato makali. Acha jiwe na wavu mgumu kwa visigino peke yake.

Tatu, jikaushe kwa kugandamiza taulo au kikwembe taratibu, bila kusugua, kisha jipakae mafuta ngozi ingali na unyevu. Jaribu kumaliza ndani ya dakika tatu. Hatua hii ndiyo inayosahaulika zaidi. Mafuta hayaleti maji; yanafunga mlango ili maji yaliyopo yasitoke. Ukisubiri mpaka ngozi ikauke kabisa, unafunga mlango wakati maji yameshatoka.

Anza na kiasi kidogo, kama punje moja ya hindi kwa kila mkono na mbili kwa kila mguu, halafu ongeza kama hakitoshi. Mafuta mengi mno yanashika vumbi la barabarani.

Mafuta gani ya kuchagua

Vaselini ya kawaida isiyo na manukato ni ya bei ndogo, haiozi, na inazuia maji kutoka kuliko mafuta mengi ya bei kubwa. Inafaa kwa miguu, mikono, visigino na midomo, hata kwa watoto. Ubaya wake ni kunata, na kwa mtu mwenye chunusi si nzuri usoni.

Glisirini inafanya kazi tofauti: inavuta maji na kuyashika kwenye ngozi. Lakini usiipakae ikiwa peke yake. Changanya kidogo na maji safi, ipakae kwenye ngozi yenye unyevu, halafu weka vaselini juu yake.

Mafuta ya karite yanatoka kwa mti unaoota kaskazini-mashariki mwa Congo, Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, ambako Waacholi wanayaita moo yaa. Aina ya ukanda huu ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi na inayeyuka haraka mkononi. Mafuta ya punje za ngazi, ambayo familia nyingi zinayafahamu tangu zamani, nayo yanaweza kusaidia. Yakianza kunuka vibaya, usiyapakae tena.

Limau na dawa ya meno si mafuta ya ngozi. Maji ya limau yakibaki juu ya ngozi na jua likayapiga, yanaweza kuunguza na kuacha alama nyeusi za muda mrefu.

Jioni: miguu, mikono na midomo

Kabla ya kulala, osha miguu, kausha vizuri katikati ya vidole, kisha pakaa vaselini kwenye visigino na kuvaa soksi za pamba. Usiweke mafuta katikati ya vidole, kwa sababu unyevu wa hapo unakaribisha fangasi. Visigino vilivyo vigumu sana vinaweza kulainishwa kwa krimu ya urea kutoka famasi. Mwenye ugonjwa wa sukari aangalie nyayo zake kila jioni, maana ufa mdogo unaweza kuwa kidonda kikubwa.

Anayefua nguo au kuosha vyombo ajipakae mikono kila mara anapomaliza. Midomo isilambwe: mate yakikauka yanaongeza ukavu. Mchana, kofia, mwavuli na mikono mirefu vinasaidia kila mtu, na kwa watu wenye ualbino ni ulinzi wa lazima, pamoja na krimu ya kukinga jua.

Soma kopo kabla ya kulipa

Krimu za kujichubua zinauzwa kwa majina mengi mazuri, na mwanzoni nyingi zinaonekana kufanya kazi: ngozi inakuwa laini, inang'aa. Angalia maandishi madogo. Ukiona "hydroquinone", "clobétasol", "bétaméthasone", "mercure" au "calomel", rudisha kopo. Ukikuta kopo lisilo na orodha yoyote, au mchanganyiko uliotengenezwa nyuma ya meza ya duka, rudisha pia.

Clobétasol na bétaméthasone ni dawa za hospitali, ambazo muganga anaziandika kwa ugonjwa fulani na kwa siku zinazohesabika. Zikipakwa miezi mingi zinafanya ngozi kuwa nyembamba, zinaleta michirizi isiyotoka, chunusi na fangasi inayosambaa, na vidonda vinachelewa kupona. Hydroquinone ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka ya rangi ya bluu-nyeusi mashavuni, pale pale mtu alipotaka weupe. "Mercure" ni zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wadogo wanatumia kukamatia dhahabu. Inapita kwenye ngozi, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito anaweza kumpitishia mtoto aliye tumboni.

Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unalenga kuondoa zebaki katika vipodozi. Majirani wetu wa Rwanda, mwishoni mwa 2018, waliingia madukani kuondoa krimu hizi. Lakini mpaka wenye biashara na njia nyingi haufungwi kwa siku moja. Mnunuzi anayesoma kopo ndiye mlinzi wa kwanza. Aliyekwisha kutumia krimu hizo kwa muda mrefu asiache ghafla bila kumwona muganga, kwa sababu ngozi inaweza kuwaka na kuwasha vikali.

Si kila ukavu unaponywa na mafuta

Kuna magonjwa yanayojificha nyuma ya ngozi kavu. Kama mwasho unazidi usiku, kuna vipele katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na zaidi ya mtu mmoja nyumbani anajikuna, huenda ni upele. Katika kambi za wahamiaji kama Kigonze, ambako watu wengi wanalala katika kibanda kimoja, ugonjwa huu unapata njia rahisi ya kuenea. Una dawa, lakini lazima nyumba nzima itibiwe pamoja.

Kwa wanaoishi karibu na mito inayokimbia, kama katika zoni ya afya ya Logo, wilayani Mahagi, ngozi inayowasha kwa miaka, iliyokunjamana kama ya mjusi, au yenye madoa meupe miguuni kama ya chui, inaweza kuwa onkoseriasi, ugonjwa wa upofu wa mito unaoletwa na nzi wadogo weusi. Hapo vaselini haitatosha. Dawa ni Mectizan, inayogawiwa vijijini bila malipo, na ni muhimu kuinywa kila mara wagawaji wanapopita.

Na mtoto ambaye ngozi yake inabambuka, miguu imevimba na nywele zimebadilika rangi, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hizo ni dalili za utapiamlo mkali.

Kwa wengine wote, wiki mbili za utaratibu huu zinatosha kuonyesha tofauti. Kama baada ya hapo ngozi bado inapasuka, inatoa maji au inawasha mpaka kuharibu usingizi, nenda kwa muganga. Na kama pesa inatosha kitu kimoja tu, nunua vaselini isiyo na harufu, na uipakae kila siku mwili ungali na unyevu.