Ameteuliwa na Manitoba, aweza kuhamia Toronto?

Msomaji, huenda una ndugu aliyepata ukaazi wa kudumu nchini Kanada kwa kuteuliwa na mkoa wa Manitoba. Sasa baridi ya Winnipeg imemshinda, na anamtamani binamu yake aliyeko Toronto. Je, aweza kuhama?

Aweza. Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Haki wa 1982 chamruhusu mkaazi wa kudumu kuishi na kutafuta riziki mkoa wowote.

Lakini hadhari! Alipoomba, alisema amenuia kuishi Manitoba. Akishukia Toronto moja kwa moja, nia hiyo itatiliwa shaka. Ikithibitishwa alidanganya, aweza kupokonywa ukaazi na kupigwa marufuku miaka 5.

Basi mwambie atunze risiti za nyumba na barua za kuomba kazi Winnipeg, hata zile alizokataliwa.