Sigowet Ndani ya Mistari ya Kahawia

Anayesimama Sigowet, Kericho, akielekea magharibi anaiona nchi ikiporomoka: chai na baridi mgongoni, joto la Soin chini, kisha mashamba ya miwa ya bonde la Nyando. Ramani za zamani za 1:50,000 huulaza mteremko huo wote juu ya meza. Kontua, ile mistari ya kahawia inayounganisha mahali penye kimo kimoja, hubanana penye mwinamo mkali na kuachana ardhi inapotulia. Sentimita 2 ni kilomita 1. Waliosoma jiografia hadi kidato cha nne wanaikumbuka karatasi hiyo kwenye mtihani wa KCSE, na uzi waliopimia barabara.

Kazi ya kuchora ramani hizi ilianzia angani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ndege za kikosi cha 82 cha jeshi la anga la Uingereza zilipiga picha sehemu kubwa za Kenya. Mahali pamoja palipigwa mara mbili kutoka pande tofauti. Mchoraji akizitazama picha hizo pamoja kwa kifaa chenye lenzi mbili, vilima viliinuka mbele ya macho yake. Idara ya Upimaji wa Makoloni, iliyoundwa mwaka 1946, ndiyo iliyochora.

Majina nayo yana historia. Stesheni iliyoitwa Lumbwa, jina ambalo wakoloni waliwabandika Wakipsigis, leo ni Kipkelion. Mito ya Itare, Kipsonoi na Chemosit imebaki na majina ya wenyeji.

Lakini ramani hizi ni shahidi aliyechelewa kufika. Kampuni kubwa za chai zilianza kupanda Kericho miaka ya 1920, na sheria ya mwaka 1934 ikawahamishia watu wa Talai, ukoo wa Wakipsigis, huko Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Ndege zilipopita, chai ilikuwa imekwisha kusimama. Karatasi inaonyesha chai ilipo. Haisemi ni boma la nani lililokuwa hapo. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilipopendekeza ardhi ya kampuni hizo ipimwe upya, kumbukumbu za wazee zilikuwa na uzito ambao kontua hazina.

Wala mzozo wa ua kati ya majirani hauamuliwi kwa karatasi hii. Kuna ramani za usajili wa mashamba kwa kazi hiyo. Kwenye 1:50,000, mstari wenye unene wa nusu milimita hufunika mita 25 za shamba.