Kamba ya Ng'ombe Mkononi



Mchungaji mwenye akili hajifungi kamba ya ng'ombe mkononi. Huishika tu. Maana akijifunga, siku ng'ombe atakaposhtuka ataburutwa yeye, wala hataweza kujiokoa. Aliyeishika aweza kuiachia.

Mali nayo ni vivyo hivyo. Kutoka Didia na vijiji jirani vijana huenda Kahama na Geita kutafuta dhahabu. Wako walioleta fedha nyumbani, wakajenga, wakasomesha watoto. Kazi ile si aibu. Walakini wako waliopata leo na kesho hawana kitu, kwa kuwa pombe na kamari ziliwangoja karibu na shimo. Wako na wengine wakaao huko miaka mingi wakisema, “Nikipata mara moja tu, nitarudi,” hali mke na watoto wanangoja. Je, hapo nani amemshika mwenziwe, mtu au dhahabu?

Na tumtazame mtu wa upande wa Mara, Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama, aliyebatizwa mwaka 1943. Mwaka 1955 alikuwa akifundisha Pugu. Ikampasa kuchagua baina ya kazi yenye mshahara na siasa isiyo na mshahara. Akaiacha kazi. Tarehe 22 Januari 1962, siku 44 tu baada ya uhuru, aliuacha uwaziri mkuu mikononi mwa Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Desemba mwaka ule akarudi, akawa Rais. Mwaka 1966 aliupunguza mshahara wake mwenyewe kwa sehemu moja ya tano. Tarehe 5 Novemba 1985 alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi urais kwa amani. Uenyekiti wa chama aliushika hata mwaka 1990, kisha nao akauacha. Akakaa kwao Butiama, akalima shamba. Alifariki mwaka 1999.

Hatusemi kwamba kila shauri lake lilikuwa jema. Wazee wetu wakumbuka jinsi watu walivyohamishwa kwa nguvu kuingia vijijini katika miaka ya 1970. Ajuaye kujitawala aweza kukosea katika kuwatawala wengine. Lakini katika jambo hili moja atufaa kwa mfano: cheo alikishika kama kamba, hakujifunga nacho.

Basi, nguvu ya kuachia hupatikanaje? Haiji siku ya jaribu kubwa. Huzoezwa katika mambo madogo. Asiyeweza kuacha kibuyu cha pombe jioni moja, ataachaje cheo? Asiyeweza kunyamaza akiwa na hasira, ataachaje kisasi?

Kwa hiyo yafaa kila nyumba ianze. Fedha ya mavuno au ya machimbo ikifika, mume na mke wakae pamoja waihesabu kabla haijaona barabara: hii ya chakula, hii ya ada, hii ya jirani mwenye shida. Mzazi achague kitu kimoja akipendacho mno, akiache juma moja, aone kama aweza. Akishindwa, amekwisha jua mahali alipofungwa, na hapo ndipo pa kuanzia. Mwalimu naye awafundishe watoto kungoja, maana mtoto apataye kila kitu papo hapo hukua na kamba mkononi.

Umaskini peke yake si uhuru. Hata fukara aweza kufungwa na kile asichokuwa nacho. Aliye huru ni yule ambaye mkono wake wajua kushika, tena wajua kufunguka.